Picha za mtaani kuhusu upweke wa mjini: nitajuaje kama picha yangu inasema kweli?

Mkaazi_wa_Kimara (Dar es Salaam)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mimi ni mpiga picha wa Dar es Salaam. Riziki yangu kubwa inatoka kwenye harusi, kipaimara na mahafali, lakini kwa miezi kumi na minne sasa asubuhi zangu nimezitoa kwa picha za mtaani ambazo hakuna mteja aliyeniagiza, na ni kuhusu kazi hiyo nawaomba ushauri. Nataka kuonyesha jinsi watu wa jiji hili wanavyoishi wamebanana bega kwa bega na bado hawasemezani. Wazo lenyewe lilinijia ndani ya mwendokasi. Wanaokumbuka usafiri wetu kabla ya Mei 2016, mabasi hayo yalipoanza kazi katika Barabara ya Morogoro, wanajua kwamba abiria wa daladala hawezi kufika aendako bila kufungua kinywa: konda anamdai nauli, aliyekaa nyuma anamwomba ampitishie chenji, na kituo chake kikikaribia ni lazima apaze sauti aseme "shusha". Ndani ya mwendokasi umekwisha kukata tiketi nje, basi linasimama vituoni lenyewe, mlango unafunguka wenyewe, na mtu anaweza kutoka Kimara hadi Kivukoni kila siku ya kazi, mwaka mzima, bila kumwambia binadamu mwenzake neno lolote.

Nina picha zipatazo mia tisa. Nimezichuja hadi zikabaki arobaini, nikazichapisha kwa ukubwa mdogo na kuzibandika ukutani chumbani kwangu, na baada ya wiki mbili za kuzitazama asubuhi na jioni nimegundua kwamba karibu zote ni picha moja. Mtu ameinamia simu. Mtu ameegemea kioo amefumba macho. Mtu amesimama peke yake kituoni na kivuli chake kirefu kimelala kwenye lami. Mwenzangu mmoja niliyemwonyesha alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza: "Umejuaje kwamba huyu ni mpweke? Huenda anasoma ujumbe wa mtoto wake." Sikuwa na jibu, na swali hilo halijaniachia usingizi mzuri tangu siku ile.

Nimejaribu kujifunza kwa waliotangulia. Kati ya 1938 na 1941, Walker Evans aliwapiga abiria wa treni za chini ya ardhi za New York akiwa ameificha kamera ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo na waya wa kufyatulia ukipita ndani ya mkono wa koti hadi kiganjani. Alikaa na picha hizo mpaka 1966 ndipo akazitoa kama kitabu. Michael Wolf, Mjerumani aliyeishi miaka mingi Hong Kong, alisimama kwenye kituo cha treni mjini Tokyo na kupiga nyuso za abiria zilizobanwa kwenye vioo vyenye ukungu wa pumzi. Baadhi yao walifumba macho ili asiwapate, wengine walijifunika kwa kiganja. Kwa Evans naona watu waliojisahau. Kwa Wolf nakiona kizuizi chenyewe, yaani kile kioo, kikiwa na matone na alama za vidole. Hata hivyo, hakuna kati yao aliyezungumza na watu hao kabla ya kuwapiga, nami najiuliza kama kazi inayohusu kutosemezana inaweza kufanywa na mtu ambaye naye hasemezi.

Basi nauliza: je, upweke unapigika picha, au tunachopiga ni mtu aliye peke yake tu? Na je, niwasemeshe watu kwanza, ilhali najua kwamba nikishawasemesha kile kimya ninachokitafuta kitakuwa kimevunjika? Natumia lenzi ya milimita 35, na mara nyingine simu, kwa sababu alfajiri mwanga ndani ya basi ni hafifu na kamera kubwa inawashtua watu.

Kiti_cha_Nyuma (Nairobi)

Ndugu wa Kimara, nimekusoma mara mbili, na naomba nianze na ukuta wa chumba chako kabla ya yale ya Tokyo.

Picha ya mtu mmoja aliye peke yake ndiyo rahisi kuliko zote katika kazi hii, kwa kuwa mtazamaji anaimalizia mwenyewe kwa huzuni aliyokuja nayo. Ninachokuomba ujaribu kwa mwezi mmoja ni kutopiga kabisa picha yenye mtu mmoja. Tafuta wawili, au watatu, na uelekeze macho yako kwenye nafasi iliyo kati yao: begi lililowekwa kitini ili mgeni asikae, bega lililogeuzwa, mkono unaotoa pesa na mkono unaopokea huku wenye mikono hiyo kila mmoja akitazama kwingine. Kutengana ni jambo la watu zaidi ya mmoja, kwa hiyo hata kwenye fremu lazima wawepo zaidi ya mmoja ili kuonekane.

Nitakupa mfano wa hapa kwetu. Katikati ya Nairobi ipo bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906, na hadi leo saa saba mchana viti vyake vinajaa watu waliotoka ofisini bila pesa ya chakula au waliokuja kutafuta kazi. Wahubiri huja hapo kila siku. Nimekaa bustanini humo miezi mingi, na picha ninayoithamini kuliko nyingine inamwonyesha mhubiri mwenye kipaza sauti, mishipa ya shingo imemtoka, na mbele yake kuna viti vinne vilivyojaa watu waliompa mgongo wote. Hakuna kimya mahali pale hata dakika moja, ila maneno yale yote hayana pa kutua. Kabla ya picha hiyo nilikuwa nikidhani, kama wewe, kwamba mawasiliano yaliyokatika lazima yawe kimya.

Umewataja Evans na Wolf, nami naomba umwongeze Santu Mofokeng wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 2020. Mwaka 1986 alipiga picha ndani ya treni za Soweto kwenda Johannesburg. Waliopanda treni hizo walikuwa wafanyakazi waliolazimishwa na sheria za ubaguzi kuishi mbali na mji waliokuwa wakiujenga, wakaamka usiku wa manane na kurudi usiku. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya kuinamisha vichwa ni wao. Lakini alichokikuta humo ni ibada: watu wanaimba, wanapiga ukuta wa behewa kama ngoma, wanawekeana mikono kichwani. Mofokeng alikuwa ni abiria kama wao, na naamini ndiyo maana aliona lile ambalo mpita njia asingeliona. Mwendokasi wako una wiki nzima ndani yake. Umewahi kupanda Ijumaa jioni, au Jumapili watu wanapotoka kanisani? Kama picha zako zote ni za saa kumi na mbili asubuhi, basi umepiga usingizi.

Kuhusu vioo, usivikwepe. Ukitaka kuona ndani, bandika mdomo wa lenzi kwenye kioo ili mwako wa nje usiingie. Ukitaka kizuizi kionekane, rudi nyuma hatua mbili, uache taswira ya barabara ielee juu ya uso wa abiria, na ushushe kasi ya shata hadi 1/15 ya sekunde ili walio nje wafutike kidogo huku aliyetulia akibaki na ukali wake.

Dada_wa_Ilemela (Mwanza)

Habari zenu. Mimi si mpiga picha, ni msomaji tu wa jukwaa hili, lakini sentensi moja ya Kaka wa Kimara imenigusa mahali ambapo siwezi kupita kimya. Umeandika kwamba abiria wa daladala hawezi kufika aendako bila kufungua kinywa. Kaka yangu mkubwa ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na umri wa miaka mitano. Ni fundi seremala huko huko Dar es Salaam, na kwa zaidi ya miaka kumi amepanda daladala kila siku bila kutamka neno. Ana sarafu anayoigonga kwenye chuma cha kiti mara tatu. Makonda wa njia yake wanaijua, na asipokuwa na sarafu anagonga kwa pete yake.

Sikulaumu, Kaka, kwa kuwa watu wengi wangeandika hivyo hivyo. Nasema kwa sababu unatafuta vizuizi vya mawasiliano mjini, na wapo watu ambao wamekuwa wakiishi navyo na kuvivuka muda mrefu kabla ya mwendokasi. Nikueleze mambo ambayo huenda kamera yako imeyapita.

La kwanza ni simu. Kwako mtu aliyeinamia simu ni alama ya kutengana, lakini kwa kaka yangu simu yenye video ndiyo iliyomtoa kwenye upweke. Kabla ya hapo, ili azungumze na rafiki yake wa Temeke ilibidi asafiri kwenda huko bila hata uhakika wa kumkuta. Sasa anaiegemeza simu kwenye chupa ya maji, anarudi nyuma kidogo ili mikono yote miwili ionekane, na wanaongea mpaka bando linaisha. Ukimpiga picha kwa nyuma akiwa katika hali hiyo, utaona mwanamume aliyekaa peke yake kibarazani akitazama kioo kidogo, na hutajua kwamba pale palikuwa na kicheko.

Halafu kuna taa. Viziwi wanahitaji mwanga ili wazungumze, kwa hiyo usiku wenzake hukutana mbele ya duka la dawa lenye taa kali, si kwa kuwa wanahitaji dawa. Umeme ukikatika mazungumzo yanakatikia katikati ya neno, na kila mmoja anabaki ameshika bega la mwenzake mpaka mtu awashe tochi ya simu. Hicho nimekiona kwa macho yangu, na hadi leo sijaona picha yake popote.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike. Miaka michache iliyopita mpiga picha mmoja, ambaye sitamtaja, alimpiga kaka yangu akiwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, mikono ameilaza magotini, anatazama mbali. Picha ile ilisambaa mitandaoni ikiwa na maelezo kwamba huyu ni mmoja wa waliosahauliwa na jiji. Ni picha nzuri, nakiri. Lakini siku ile alikuwa anawasubiri wenzake waende kutazama mpira, nao walifika dakika chache baadaye. Aliponionyesha maelezo yale alinyoosha kidole kwenye neno "waliosahauliwa", akaniuliza kwa mikono yake: nani amenisahau? Sikujua nimjibu nini. Mpiga picha alikuwa hatua sita kutoka kwake, na daftari na kalamu viko mfukoni mwa shati la kaka yangu kila siku kwa ajili ya watu wasiojua lugha ya alama.

Upweke wake upo, sikatai, ila uko mahali pengine. Uko kwenye chumba cha kusubiri cha kituo cha afya ambako majina huitwa kwa sauti, naye amewahi kukaa kutoka saa mbili asubuhi hadi benchi zima likabaki yeye, kwa sababu aliitwa mapema na akahesabiwa kuwa hayupo. Uko kwenye meza ya chakula ya ukoo wetu wakati wa sikukuu, tunapocheka wote kisha mmoja wetu anamwambia, "Tutakusimulia baadaye," na hatumsimulii. Katika hilo nami nimo.

Ushauri wangu kama dada yake ni huu. Ukimpiga picha mtu anayezungumza kwa alama, usitoe picha moja. Nyusi zake zikipanda anauliza, mashavu yakijaa anaeleza ukubwa wa kitu, na picha ya mnato ikikata hapo inamwonyesha kama mtu mwenye hasira au aliyechanganyikiwa. Toa tatu zilizofuatana, ili sentensi ipate mwanzo na mwisho.

Mkaazi_wa_Kimara

Dada, nimesoma maneno yako nikiwa nimesimama. Naiondoa sentensi ile na naomba radhi kwako na kwa kaka yako. Nimerudi ukutani nikahesabu: katika picha arobaini, kumi na tisa ni za watu walioinamia simu, na sijui hata mmoja wao alikuwa akitazama nini.

Ndugu wa Nairobi, ni kweli, karibu picha zote ni za kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi, kwa sababu ndiyo saa ninayokuwa huru. Sikuwahi kufikiri kwamba ratiba yangu ya kazi ndiyo iliyochagua sura ya jiji.

Abu_Salma (London)

Assalaam alaykum. Nimeishi hapa miaka tisa, na mwaka wangu wa kwanza nilifanya kile kile unachofanya wewe. Nilipanda treni za chini ya ardhi na kamera ndogo, nikapiga nyuso zisizotazamana, nikawatumia nduguzangu wa Tanga picha hizo kama ushahidi kwamba Wazungu hawana utu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kimya cha treni ya London ni adabu: watu wamebanana kiasi kwamba kumwacha jirani na mawazo yake ndiyo heshima pekee inayobaki kumpa. Mpweke katika picha zile alikuwa mimi, niliyezipiga.

Lakini upweke nao upo huku, tena serikali ya Uingereza iliuona kuwa jambo kubwa kiasi cha kumkabidhi waziri jukumu la kushughulikia upweke mnamo Januari 2018, na Japani ikafanya hivyo mwaka 2021. Tatizo ni kwamba mara nyingi haukai pale mpiga picha wa mtaani anapopita. Nitasimulia nilipoukuta.

Nilikuwa nasubiri huduma katika ofisi moja ya umma. Mbele yangu alikuwepo mama wa Kikongo, nilimjua kwa Kiswahili chake cha Bukavu, pamoja na binti yake wa miaka tisa au kumi aliyevaa sare ya shule. Nyuma ya kioo kinene alikaa karani. Mama alimwambia binti, binti akamwambia karani kwa Kiingereza, karani akaiambia karatasi yake. Tazama mistari ya macho ilivyokwenda: mama anamtazama mwanawe, mwana anamtazama karani, karani anaitazama fomu, na hakuna macho mawili yaliyokutana. Kisha karani aliuliza jambo kuhusu afya ya mama, jambo ambalo mtoto hakupaswa kulisikia. Binti akanyamaza. Mama akamhimiza, "Sema, amesema je?" na mtoto akatazama sakafu. Kizuizi chote unachokitafuta, Ndugu wa Kimara, kilikuwa kwenye uso wa mtoto aliyejua lugha mbili na kukosa neno katika zote.

Mle ndani kupiga picha hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa nisingenyanyua kamera. Nilichofanya ni kuwasalimu. Mama alishtuka kusikia Kiswahili, akanishika mkono, na nikawa mkalimani wao kwa saa ile. Wiki mbili baadaye, kwa ruhusa yake, niliwapiga wakiwa kituo cha basi: mama ameshika bahasha za ofisi mbalimbali, nyingine hazijafunguliwa, na binti ameegemea bega lake akisoma moja. Sura zao hazionekani kwa sababu yeye mwenyewe aliomba hivyo. Hiyo ni picha ya mtaani kabisa, ila mlango wake ulikuwa salamu.

Kwa hiyo kuhusu hofu yako ya kuvunja kimya, nakujibu kwa uzoefu wangu kwamba kimya kinachovunjika kwa salamu moja hakikuwa kimya ulichokuwa unakitafuta. Kile kizito kinabaki hata baada ya kuzungumza, na wewe unakuwa umekijua kilipo.

Msomaji_wa_Sheria (Dodoma)

Naongeza kidogo tu, kwa kuwa hakuna aliyeligusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina sheria yake ya 2019. Mwaka 2023 kamishna wa ulinzi wa data wa Kenya aliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000 za huko kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Sheria ya Kenya inatoa nafasi kwa kazi za sanaa na uandishi wa habari, lakini picha ile ile ikihamia kwenye tangazo la biashara inakuwa na hadhi nyingine. Wapo watakaokutajia kesi ya New York ya 2006, ambapo mahakama ilikataa madai ya mzee aliyemshtaki mpiga picha Philip-Lorca diCorcia kwa kumpiga picha kwa taa zilizofichwa njiani, wakidhani inawalinda. Hiyo ni hukumu ya huko na sheria za huko. Andika ridhaa kwa Kiswahili, iwe fupi, na umwachie mhusika nakala yenye namba yako ya simu ili aweze kubadili mawazo.

Bi_Shangani (Unguja)

Mwanangu wa Kimara, mimi nimezaliwa Mji Mkongwe na bado naishi humo. Nimewaona wapiga picha wa kila taifa wakipita vichochoro vyetu wakitafuta mlango wa nakshi na mwanamke wa buibui mbele yake, na nimekuwa mwanamke huyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Watu husema kwetu hakuna upweke kwa kuwa tuna baraza. Ni kweli kwamba ukipita Jaws Corner jioni utakuta kahawa, utakuta bao, utakuta siasa. Lakini waliokaa pale ni wanaume. Bibi yangu aliishi ghorofani miaka arobaini akizijua habari zote za mtaa kwa kuchungulia dirishani, na yeye hakuna aliyejua habari zake. Mpiga picha aliyesimama barazani asingeujua upweke ule, kwa sababu angepaswa kutazama juu.

Ninalotaka kukwambia khasa ni kuhusu maandishi. Unasema watu wa mji hawasemezani, nami nakuuliza kama umesoma migongoni mwao. Wanawake wa pwani wanapokuwa hawasemezani hujibizana kwa kanga. Nimewaona mawifi wawili wamekaa nyumba moja miezi saba bila salamu, na mazungumzo yao yote yalikuwa kwenye kamba ya kuanikia: huyu akitundika yake, yule kesho anatundika jibu. Jiji lako vilevile limeandikwa kila mahali. Ukuta una "Nyumba hii haiuzwi", geti lina "Mbwa mkali", na ile "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu" utaikuta kwenye kanga na kwenye gari pia. Hayo yote ni maneno ya watu waliotaka kusema jambo kwa mtu ambaye hawakuweza kumwambia uso kwa uso. Aliyeandika kwamba nyumba haiuzwi huenda ana ndugu anayetaka kuiuza akiwa safarini. Simama hapo. Subiri apite mtu, au atoke mwenye nyumba kufagia. Wala usiyatumie maandishi hayo kumcheka aliyesimama chini yake, maana nimeziona picha za namna hiyo, na zinaumiza.

Hapa Unguja Ranchhod Oza alifungua studio yake mwaka 1930, Capital Art Studio, na picha zake za mji na watu wake bado zinatazamwa. Watu walikwenda kwake wamevaa walichokichagua wenyewe, wakasimama walivyotaka waonekane. Sisemi uache mtaa urudi studio. Nasema yule aliyekwenda studio alipata kusema neno kuhusu sura yake, na wa mtaani naye anastahili kupata.

Mkaazi_wa_Kimara

Shikamoo Bi Shangani, na asanteni nyote. Nimekaa siku kumi bila kuandika kwa sababu nilitaka kwanza niende.

Nimebandua picha ishirini na saba. Kati ya zilizobaki ipo moja ya mama anayepanda basi la kwanza la alfajiri kwenda Feri kununua samaki wa kuuza, amekaa dirishani na ndoo tupu mapajani, macho yametulia kwenye kioo. Nilikuwa nimeiita "Alfajiri ya upweke". Siku ya tatu ya kumngoja kituoni nilimpata, nikamsalimu, nikamwonyesha. Aliitazama kwa muda mrefu. Akasema hapo alikuwa anapiga hesabu, kwa sababu siku iliyotangulia samaki walimharibikia na alitakiwa kurudisha pesa za watu, na kwamba kiti kile cha dirishani ndicho mahali pekee katika siku nzima ambapo hakuna anayemwita. "Hapo ndipo ninapopumzika," aliniambia. Kisha akaniuliza kwa nini sikumsalimu siku ile, kwa kuwa aliniona.

Ameniruhusu niitumie, na maelezo yatakuwa maneno yake mwenyewe, lakini ameomba apate nakala kubwa kabla haijaonekana kwingine, na kwenye nakala hiyo ndoo isikatwe. Nimeichapisha jana na nitampelekea Jumatatu.

Ndugu wa Nairobi, Jumapili nilipanda saa nane mchana. Basi lilijaa watu waliotoka kanisani na watoto waliovaa nguo za sikukuu, na kelele zilikuwa nyingi hata nikashindwa kuamini kwamba ni njia ile ile. Bado sijui picha hizo zitakaa wapi katika kazi hii, ila zitakaa.

Dada wa Ilemela, nina ombi. Juzi usiku huku Kimara niliwakuta vijana watatu wakizungumza kwa alama chini ya taa ya duka. Niliwaandikia kwenye daftari, wakakubali, nami nikapiga picha tatu zilizofuatana kama ulivyoelekeza. Siijui lugha yao, na naogopa kwamba nimekata mahali pasipostahili. Je, kaka yako atakubali nimpelekee anitazamie kama sentensi imetimia? Daftari nitakuwa nalo.